Masika ya Nguzo

Jumatatu, 3 Machi

Nguzo zimevuka kilima. Asubuhi nikianika nguo niliziona tatu zimesimama kule juu, za chuma, na jioni nikirudi kutoka zamu nikakuta ya nne. Wanazileta mpaka mlangoni kwetu. Wanasema mvua zikikolea kituo chetu cha umeme wa maji kitakuwa kimeunganishwa na gridi ya taifa, na umeme wa huku bondeni utachanganyika na wa nchi nzima. Nikauliza, utachanganyika uende wapi? Mume wangu akacheka. "Mama Mapacha, wewe hata ukiletewa zawadi utauliza kamba iliyoifunga imetoka wapi." Nikamwambia ndiyo, nitauliza.

Nimenunua daftari hili kwa sababu kitabu cha zamu kule kwenye ubao wa swichi kinataka namba tu: volti, mzigo, kina cha maji. Hakina nafasi ya kuandika kwamba mtu anakuchekea bila sababu.

Jumatano, 5 Machi

Mhandisi kafika. Tangu mkuu wa kituo astaafu tumekuwa tukijiendesha wenyewe: mimi ubaoni, mume wangu kwenye mitambo, Mzee wa Wavu kule juu kwenye banio la mto akizoa majani yasiingie bombani, na zamu za wenzetu wawili watatu. Hakuna kilichoharibika. Sasa makao makuu wametuletea huyu, kijana mwenye viatu vipya, ambaye mvua zikiisha atapeleka taarifa kama kituo kibaki na watu wake au kifungwe. Kikifungwa na nyumba hii inaondoka, maana ni ya kituo. Mapacha wako shule ya bweni. Wakija likizo watakuta wazazi wao wanaishi kwenye chumba cha wifi, katikati ya cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akazunguka ubao wangu pole pole, akapitisha kidole juu ya shaba ya mshale, kisha akakitazama kidole. Hakukuwa na vumbi. Mtu anayetafuta vumbi siku ya kwanza, siku ya pili atatafuta nini?

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Majani kwenye wavu.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kaja kututembelea kutoka mjini. Ni mdogo wake mume wangu, fundi cherehani, na habari zote za mji hupita kwake kupimwa kiuno. Akaniambia watu wanasema sisi wa kituoni tumekwisha. Nikamwuliza, wanasema kwa huzuni au kwa furaha? "Wanasema tu, wifi. Wanataka taa."

Wanataka taa! Baba yangu alikuwa mmoja wa waliolibeba bomba kuu begani, kipande kwa kipande, kutoka reli mpaka kwenye mteremko huu. Zamani zile umeme wenyewe ulikuwa wa kinu na wa nyumba ya bwana mkubwa, basi. Jua likitua mtambo unawashwa, bwana akilala unazimwa. Baadaye zikaja taa za barabara kuu, ikaja hospitali, likaja soko, kisha kila mwenye bati juu ya kichwa akataka balbu, na wakaongeza mtambo wa pili. Nchi nzima ilikuwa hivyo, kila bonde na mto wake, kila mji na umeme wake, hakuna aliyemjua mwenzake.

Na mimi mji huu ninaujua kwa mshale. Kuna mshale mmoja ubaoni unaoonyesha kasi ya mtambo. Watu wakitumia umeme mwingi, mtambo unalemewa, mshale unashuka. Nazungusha gurudumu, mlango wa maji unafunguka zaidi, mshale unapanda. Hiyo ndiyo kazi yangu. Asubuhi kinu kikianza kusaga, najua kabla mlio haujanifikia. Nilimwambia wifi hata pasi yake naijua ikichomekwa.

"Kumbe unanichungulia mpaka pasi!" akasema. Tulicheka sana. Ila alipoondoka nikabaki nalifikiria lile neno, tumekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Mume wangu na Mhandisi walipanda mteremko pamoja, wakifuata bomba. Walikaa huko mpaka chai ikapoa. Waliporudi niliwakuta jikoni wamekaribiana vichwa, nilipoingia wakanyamaza. Mhandisi akasema chai ni tamu. Chai ilikuwa imepoa na haikuwa na sukari.

Hapa kuna namna.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mzigo wa kawaida. Hawajaacha kunong'ona.

Jumanne, 18 Machi

Mhandisi anawaharakisha mafundi wa nguzo utafikiri anafukuzwa. Jana walitaka kupumzika kwa sababu ya utelezi, akawaambia hakuna kupumzika, laini ifike kabla mwezi haujaandama. Mtu aliyekuja kuamua kama kituo kifungwe ana haraka gani ya kukiunganisha? Mzigo wote ukihamia kwenye gridi, sisi tutabaki na nini cha kufanya? Nilimwuliza mume wangu. Akasema, "Kijana anapenda kazi." Tangu lini mume wangu akamsifu mtu kwa kupenda kazi? Mimi ninaye mwaka wa ishirini sasa na hajanisifu hata kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Shuka zangu mbili za zamani zimepotea kabatini. Nikamwona mume wangu akipanda mteremko na kifurushi begani, na mipira ya tairi kuukuu mkononi. Alirudi matope mpaka magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafunga mche, upepo usiuangushe."

"Mche gani unafungwa kwa mpira wa tairi?"

"Mche mkubwa," akasema, akaingia kuoga.

Nilimfuata Mzee wa Wavu kule kwenye banio. Yeye anaona kila anayepita. Nikamsalimia vizuri, nikamchukulia na tumbaku, kisha nikamwuliza hao wawili wanafanya nini kwenye bomba langu. Akatema mate pembeni. "Mama Mapacha, mimi nazoa majani. Habari sizoi." Na tumbaku akaichukua.

Machale yamenicheza. Kama ni mwanamke mwingine ningejua la kufanya, lakini shuka, mpira wa tairi na mhandisi?

Alhamisi, 27 Machi

Mto umejaa, maji mekundu. Nguzo ya mwisho imesimama uani kwetu, pale nilipokuwa naanikia nguo. Nimeihamisha kamba.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumeunganishwa, na aliyefunga swichi ni mimi.

Naandika jinsi ilivyokuwa, wapende wasipende kuniamini. Umeme wa mtambo na umeme wa laini huwezi kuufungua tu ukakutana. Sharti uende mwendo mmoja kwanza, la sivyo mtambo unapigwa teke na unaweza kung'oka kwenye msingi wake. Kwa hiyo kuna taa tatu juu ya ubao. Mitambo ikipishana taa zinawaka, ikikaribiana zinafifia, ikipatana kabisa zinazimika. Giza ndilo ruhusa. Tumefanya hivyo miaka yote mitambo yetu miwili ilipotakiwa kushirikiana.

Mhandisi alikuwa na kifaa cha kisasa, akakitazama, akakiweka mezani. "Mama, ubao ni wako. Funga wewe." Akasimama nyuma, mikono mgongoni. Mume wangu alikuwa kwenye mtambo, ananiangalia mimi tu. Nikalisogeza gurudumu kidogo kidogo. Taa zikawaka, zikafifia, zikawaka tena taratibu zaidi. Zilipoanza kufa nikahesabu pumzi moja, nikafunga swichi. Hata kikombe cha chai hakikutikisika.

Mafundi wa nguzo wakapiga makofi. Mhandisi akasema hajawahi kuona mkono mtulivu hivyo. Nilifurahi, siwezi kuficha, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Ni baadaye, nikiosha vyombo, nilipojiuliza kwa nini aliniacha mimi. Ingeharibika, kosa lingekuwa la nani? Na ile sifa ya mkono mtulivu, huko si kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Jumatano, 9 Aprili

Mshale haunitii.

Nimeingia zamu asubuhi, kinu kikaanza kusaga, nikasikia mlio dirishani, mshale haukusogea. Nikafikiri umekwama. Nikaugonga kwa kucha. Nikafungua maji kidogo. Siku zote ukifungua maji mshale unapanda. Haukupanda. Nikapunguza maji, haukushuka. Mwishowe ukashuka wenyewe kidogo tu, bila mimi kugusa kitu, ukapanda wenyewe. Nilitoa mkono kwenye gurudumu.

Nilimwita Mhandisi. Akavuta kiti, akaniambia kwa heshima zote: "Mama, kabla ya jana mtambo huu ulikuwa peke yake, ukiusukuma unakwenda. Sasa umefungwa pamoja na mitambo ya nchi nzima, yote inazunguka kwa mwendo mmoja. Huo mshale si wetu peke yetu tena. Ukifungua maji unaongeza nguvu tunayotoa, lakini kasi ni ya wote. Huwezi kuipandisha wewe."

"Kwa hiyo gurudumu langu ni pambo?"

"Si pambo, mama. Linapandisha mzigo. Angalia mshale wa mzigo, huo ndio wako."

Alisema vizuri, kwa mpangilio. Mpangilio ule ndio ulionitia shaka. Mtu mwenye kweli hugugumia kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekuta mstari wa rangi nyekundu kwenye kioo cha mshale wa mzigo. Uko chini kabisa, chini ya nusu ya uwezo wetu.

"Nani kapaka?"

"Ni mimi, mama," Mhandisi akasema. "Kwa sasa tusivuke hapo."

"Kwa nini?"

"Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari, kana kwamba amesikia panya.

Sasa nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Wanatufanya tutoe umeme kiduchu. Taarifa itakwenda makao makuu: angalieni, kituo kizima, mitambo miwili, watu wote hao, na umeme wenyewe ndio huu. Atakayesoma atasema funga. Hakuna haja ya kumfukuza mtu. Unamzuia kufanya kazi, kisha unasema hafanyi kazi. Ninachoshindwa kuelewa ni mume wangu kaahidiwa nini.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikwenda mjini kwa wifi. Anasema tangu nguzo zije taa ni nzuri ajabu, kinu kinasaga na balbu haitikisiki. Alichomeka pasi mbele yangu ili nione. Nikasema hongera. Nilipokuwa njiani kurudi nikawa nalia kwa jambo la kijinga, kwamba mtu anaweza kuchomeka pasi na mimi nisijue.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimefungua nyuma ya ubao kutafuta kitu walichoficha. Nimepata mjusi mkavu na bisibisi niliyoipoteza kabla mapacha hawajazaliwa. Nikafunga.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumegombana. Nilimwambia mume wangu wazi kwamba najua njama yao, kwamba yeye na Mhandisi wanakiua kituo kwa rangi nyekundu, na kama kapewa kazi makao makuu aseme, nifungashe vyombo vyangu niende.

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Njama, Mama Mapacha? Mimi?"

"Basi niambie unapanda huko kila siku kufanya nini."

"Mvua zikiisha nitakwambia."

"Niambie leo."

"Leo siwezi. Nakuomba uniamini mpaka mvua ziishe, si zaidi ya hapo."

Mtu mliyezaa naye akikuomba umwamini, unapata uchungu mara mbili, kwanza kwa sababu kuna kitu, pili kwa sababu amekiri. Nililala nimempa mgongo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua kutwa. Mzee wa Wavu anasema hajaona majani mengi hivi. Hatuzungumzi na mume wangu ila kuhusu chumvi.

Jumatatu, 5 Mei

Nisipoandika leo kesho nitaanza kujitetea.

Baada ya chakula cha mchana mbingu ziliziba, mvua ikashuka na upepo. Mhandisi alikimbilia kwenye banio kumsaidia Mzee wa Wavu, majani yalikuwa yamewazidi. Mume wangu alichukua koti lake la mvua. "Naenda juu," akasema. Nikamjibu, "Nenda, mche wako usianguke." Ndilo neno nililomuaga nalo.

Nikabaki peke yangu ubaoni. Haukupita muda mshale wa kasi ukaanza kushuka. Nilidhani utasimama na kurudi kama siku nyingine, haukusimama. Ukashuka mpaka mahali ambapo sijawahi kuuona, na taa zote zikawa njano. Nikapiga simu makao makuu: inaita, haipokelewi. Kumbe huko kwenye gridi radi ilikuwa imeangusha kituo kikubwa, na nchi nzima ilikuwa imelemewa. Mimi sikujua. Mimi nilijua kitu kimoja tu nilichofundishwa tangu siku ya kwanza: mshale ukishuka, fungua maji. Mkono hauulizi.

Nikafungua. Mzigo ukapanda ukafika mstari mwekundu. Mshale wa kasi bado unashuka. Hapo nilisimama, nasema kweli, nilisimama, nikautazama mstari ule. Na kilichonijia kichwani hakikuwa neno usalama. Nikawaza: hii ndiyo siku waliyoipanga, leo ndipo itakapoandikwa kwamba mji ulihitaji umeme na kituo hiki kilishindwa kuutoa. Nikauvuka mstari. Nikafungua zaidi, na zaidi, nikisukuma mshale wa nchi nzima kwa mtambo mmoja wa bondeni, na kila ulipokataa kupanda nilizidi kuamini kwamba kuna mtu kauchezea.

Mtambo ukaanza kunguruma kwa sauti nisiyoijua. Mara swichi ikaruka yenyewe kwa mshindo. Mtambo ulipopoteza mzigo ukachanganya kasi, na kizuizi chake kikafanya kama kilivyoundwa, kikaufunga mlango wa maji papo hapo. Na yale maji yote niliyoyafungulia, yakishuka mteremko kwa nguvu, yakakuta mlango umefungwa. Bomba likapigwa kama kwa nyundo. Niliusikia mpasuko huko juu, na sakafu ikatikisika.

Kisha kukawa kimya. Nilikuwa nimekaa chini, sijui nilikaaje. Nikangoja giza, maana mtambo ukisimama kituo huwa cha kwanza kuzimika, kisha barabara, kisha mji wote. Nikangoja. Balbu juu ya kichwa changu ilikuwa inawaka. Ikafifia, ikatulia, ikang'aa vizuri kuliko mwanzo. Mtambo wangu umekufa na balbu inawaka.

Hapo ndipo nikakumbuka koti la mvua, nikatoka mbio.

Kwenye kiungo cha katikati ya mteremko maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu ya kumwangusha ng'ombe. Nikaziona shuka zangu. Zilikuwa zimezungushiwa bomba, tabaka juu ya tabaka, na mipira ya tairi, na minyororo, na magogo yameegemezwa chini kwa ustadi. Mche mkubwa. Yeye alikuwa chini yake, kwenye matope, gogo moja limemlalia mguu, macho wazi. Nilipiga kelele mpaka Mhandisi akaja kutoka juu, hana kiatu hata kimoja, na Mzee wa Wavu nyuma yake. Tulimbeba juu ya mlango wa stoo.

Mhandisi hakuuliza nani kavuka mstari. Nilimwambia mwenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Yu hai. Mguu umevunjika mahali pawili, na ana homa, anaongea asiyoyajua.

Mhandisi alinisimulia tukiwa kwenye benchi la hospitali. Kutu ilikuwa imekila kiungo kile kutoka ndani. Waliona siku ile ya kwanza walipopanda mteremko pamoja. Sheria inasema kituo kisimamishwe siku hiyo hiyo, na kituo kilichosimama huku laini ya gridi inakaribia mlangoni, nani atahangaika kukiamsha? Mume wangu akamwomba. Wakapatana: laini iharakishwe ili mji usitutegemee peke yetu, mzigo upunguzwe ili hata mlango ukifunga ghafla bomba lisipate kishindo kikubwa, kiungo kifungwe kwa walichonacho, na mvua zikiisha wabadilishe kipande kimya kimya.

"Na mimi? Mimi nilikuwa mtoto?"

"Alisema wewe ndiye unayeweka sahihi ya zamu, mama. Ukijua ukanyamaza, likitokea la kutokea utashitakiwa wewe. Usipojua, huna kosa."

Msimu mzima nimemchunga mtu aliyekuwa ananikinga. Nimeona haya mpaka nikashindwa kunyanyua uso. Hata hivyo hivi ndivyo nilivyo, nikamwuliza, "Na wewe ulipata nini katika hayo yote?" Akafikiri. "Nilikuwa nimeshaizoea chai yenu," akasema. Nilimtazama nione anaficha nini. Alikuwa kijana amekaa benchini, miguu mitupu, amechoka.

Jumamosi, 10 Mei

Makao makuu wamejibu. Mitambo ifunikwe turubai. Bomba litaangaliwa fedha zikipatikana, hakuna haraka, kwa kuwa mji una umeme. Mhandisi alinisomea huku akitazama chini. Zamani mtambo ukikohoa tu, mkuu wa wilaya anatuma gari kuuliza kuna nini.

Nyumba tumeachiwa mpaka mvua ziishe.

Nilimwuliza wifi, siku ile mchana, wakati wa ile dhoruba, mjini kulikuwaje? "Dhoruba ipi? Ah, ile. Taa zilipungua kidogo. Mimi nilikuwa napiga pasi."

Jumatano, 14 Mei

Homa imeshuka. Leo amenitambua, akaniita Mama Mapacha, akaomba maji. Nilimnywesha, na nikamwambia kila kitu: gurudumu, mstari, jinsi nilivyouvuka na kwa nini. Nilitaka anitukane. Akasema, "Ningekuwa mimi ubaoni, na mshale umeshuka vile, ningefungua." Akatazama ukuta. Wifi alikuwa upande wa pili wa kitanda anamenya chungwa.

Kisha akauliza, "Na mji? Mtambo uliposimama, mji ulizimika?"

Wifi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya kitanda.

"Ulizimika," nikasema. "Wote. Kinu, soko, barabara, kila mahali."

Akageuza kichwa kumtazama dada yake. Wifi akaliweka chungwa chini.

"Giza totoro, kaka," akasema. "Nilijichoma kidole kwa sindano."

Aliivuta pumzi ndefu akaiachia, uso wake wote ukalegea. "Maskini watu wale," akasema. Yeye mwenyewe ndiye aliyepatana na Mhandisi laini ile iharakishwe ili mji usitutegemee, anaijua kuliko mimi. Nikamtazama usoni kutafuta kama ametuamini au anatusitiri. Sikuona kitu, nikaacha kutafuta.

"Walilalamika?" akauliza.

"Acha tu," nikasema. "Mpaka leo wanalalamika."